Naomba Nirudishiwe Changamoto Zangu

Kwa Ndugu Katibu,
Chama cha Wafanyabiashara Wadogo,
Ghorofa ya pili, mlango unaobana.

YAH: PINGAMIZI DHIDI YA KUCHUKULIWA KWA DADA YANGU, PAMOJA NA MADAI YA KURUDISHIWA MATATIZO YANGU

Ndugu Katibu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, ukiwa umeketi kwenye kile kiti chako chenye gurudumu moja pungufu. Mimi pia ni mzima, ila mwilini tu. Moyoni nina malalamiko, na kwa kuwa mimi ni mwanachama wa mwaka wa ishirini na mbili, ambaye hajawahi kulala usingizi mkutanoni isipokuwa mara zile mbili, naamini ninayo haki ya kuyapanga kwa namba.

Jumanne iliyopita nilipokea barua yako pamoja na fomu ya ridhaa. Mnaniomba, kama mwajiri, nimruhusu dada yangu mkubwa aondoke dukani kwangu kwa mwaka mzima, azunguke mji kwa mji akiwafundisha madobi wenzangu namna ya kugeuza changamoto za biashara endelevu kuwa fursa za ubunifu. Fomu inatakiwa iwe na sahihi yangu kabla ya Ijumaa. Jibu langu ni hapana, na sababu zangu zinafuata. Nakuomba uzisome kwa utulivu, kwa maana mimi nimeziandika bila utulivu.

Kwanza uelewe unayemsoma. Mimi ni dobi. Duka langu liko pale barabara inapoanza kuteremka, ndiyo maana watu wananiita Dobi wa Mteremkoni. Nina chumba cha mbele cha kupokelea nguo, chumba cha pasi, na uwanja wa nyuma wenye mabeseni ya saruji, mashine mbili na kamba kumi na nne za kuanikia. Dada yangu alikuwa matroni wa hospitali kwa miaka thelathini. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa na miaka saba, yeye kumi na mitano, na ndiye aliyenilea. Ndiye aliyenifundisha kupenga kamasi, kusoma saa na kufunga kamba za viatu. Kwa hiyo lile neno "mwajiri" mliloliandika kwenye fomu lilimfanya acheke mpaka akatafuta pa kukaa.

Alikuja miaka mitatu iliyopita kwenye msiba wa mke wangu, akasema atakaa wiki mbili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sikumpa jembe. Alilitafuta mwenyewe, akalipata nyuma ya mlango, akaniuliza kwa nini lina kutu.

Sasa malalamiko.

1. Dada yangu alitekeleza semina.

Mwaliko wenu wa mwaka juzi ulikuwa na jina langu. Siku tatu, ukumbi wenye kiyoyozi, chakula cha mchana, mkoba wenye nembo ya chama. Nilimtuma dada kwa sababu nilitaka siku tatu za kupumua. Nilimweleza utaratibu ambao sisi sote tunaufahamu: unakaa, unatikisa kichwa, unaandika jina, unakula, unarudi na mkoba na kalamu. Katika uanachama wangu wote sijapata kusikia mtu aliyetoka semina akaenda kufanya yaliyosemwa huko. Mkoba hubebewa nyanya, na kijitabu huwekwa chini ya mguu wa meza inayoyumba. Huo ndio uungwana wa semina, na hakuna anayeuvunja. Lakini dada yangu ametoka hospitali, mahali ambapo ukiandikiwa vidonge viwili unameza viwili, basi akadhani mwezeshaji wenu anasema kweli.

Kwenye ukurasa wa tisa wa kijitabu hicho mmechora jedwali lenye safu mbili, moja ya changamoto na nyingine ya fursa, mkawaomba washiriki waandike changamoto tano. Dada yangu aliandika arobaini na moja na akaomba karatasi za nyongeza. Nimekisoma kijitabu chake. Changamoto ya kwanza ni "Mdogo wangu." Kwenye safu ya fursa ameandika, "Bado naangalia." Nauliza, Ndugu Katibu, kama chama kinaruhusu jambo la namna hiyo kuandikwa kwenye nyaraka zake.

2. Nimenyang'anywa ukosefu wa maji.

Zamani maji ya bomba yalikuja siku tatu kwa juma, na siku zilizobaki tulipumzika. Mteja akiuliza, tulisema hakuna maji, na hilo lilikuwa jibu kamili lisilohitaji nyongeza. Dada alipanga mapipa manane ukutani akayaandika namba kwa rangi nyekundu. Maji ya suuza ya mwisho ya shuka za nyumba ya wageni, ambayo kusema kweli ni safi kuliko niliyokuwa naoga mimi, hayamwagwi tena. Yanakwenda kulowekea sare za shule. Yakitoka kwenye sare yanakwenda kulowekea ovaroli za mafundi wa gereji. Yakitoka huko yanapitishwa kwenye pipa lenye mchanga, changarawe na mkaa, ndipo yanaruhusiwa kuondoka nyumbani kwetu. Wahenga hao hao walisema maji yakimwagika hayazoleki. Dada yangu anayazoa, anayachuja na kuyapa kazi nyingine.

Matokeo yake tunafua siku sita. Mimi nina miaka sitini na mmoja, na katika maisha yangu yote sikuwahi kupanga kufanya kazi siku sita.

3. Nimepoteza adui.

Jirani yangu wa bondeni ana kitalu cha miche. Kwa miaka tisa maji yetu ya sabuni yalimwingilia kitaluni, na kwa miaka tisa alikuwa anapanda mteremko kila Jumatatu asubuhi, kashika mche uliokauka kama ushahidi wa polisi, tukagombana mpaka saa nne. Mimi nilikuwa na majibu yangu na yeye alikuwa na yake. Alizijua kasoro zangu zote, na za marehemu baba yangu pia, ambaye hakupata kumwona. Mwishowe aliandika barua manispaa kunishtaki, na manispaa ikaniletea notisi ya siku thelathini ya kufungiwa duka. Simlaumu kwa hilo, kwa maana ningekuwa yeye ningeandika mapema zaidi.

Sasa dada amebadili sabuni, amechuja maji, na amechimba mfereji mdogo wa mawe unaoyapeleka taratibu mpaka kitaluni. Majani ya miche yamekuwa mapana hata mtu anaweza kujikinga nayo mvua. Jumatatu ya juzi yule mama alipanda tena mteremko. Moyo wangu ulifurahi. Nilivaa miwani, nikajiweka sawa mlangoni, nikakohoa. Kumbe amekuja kulalamika kwamba maji hayatoshi. Anasema dada ana ubahili, anayatumia mara tatu kabla ya kuyaachia, na miche yake ina kiu. Aliniachia na ua kwenye kopo la rangi, eti zawadi, na sasa kila asubuhi ni lazima nilimwagilie. Mimi na mwanamke yule hatuna tena la kuzungumza isipokuwa mbolea.

4. Mpiga pasi wangu ameharibika.

Yule bwana tunamwita Nyoosha, na kwa miaka kumi na minne alikuwa mtu wa kawaida. Aliwasha pasi asubuhi, akaizima jioni, na katikati alilalamika mgongo. Dada akamwonyesha kwamba nguo zikianuliwa zikiwa na unyevu kidogo, zikakung'utwa na kukunjwa vizuri, nusu yake hazihitaji pasi kabisa. Kisha akamfundisha kuanza na nguo nzito pasi ikiwa na moto mkali, na kumalizia nyepesi kwa joto linalobaki baada ya kuzima. Umeme umepungua, mgongo wake umepona, na kwa hiyo amebaki na mdomo. Sasa ni mtaalamu wa joto. Mteja akija na shati la pamba anapewa mhadhara kwanza. Juzi alimrudishia mwalimu mmoja suruali akamwambia, "Hii haina haja ya pasi, mwalimu, itundike tu bafuni ukioga." Nilikuwa nimesimama hapo hapo. Katika historia ya udobi hapa duniani, sidhani kama kuna dobi aliyewahi kumwambia mteja arudi na nguo yake nyumbani.

5. Vifungo.

Zamani kifungo kikikatika kilipotea, mteja alirudi kwa hasira, tukabishana, tukajuana. Siku hizi dada anafagia chini ya mabeseni, anaviosha, anavipanga kwenye mitungi kwa rangi, na kabla shati halijatoka anashona vilivyopungua. Mwezi uliopita mzee mmoja alikataa shati lake, akasema haliwezi kuwa lake kwa sababu lina vifungo vyote.

6. Suala la suti ya karani.

Hili nakuomba ulisome polepole. Kila duka la dobi lina nguo za waliosahau. Mtu analeta koti, anahama, anakufa, ananenepa, harudi. Mimi nilikuwa na chumba kizima cha nguo hizo, na panya wangu walikuwa wanaishi humo kwa heshima. Dada alizitoa zote, akazifua, akazipanga kwa ukubwa, akatundika tangazo kwamba anayekwenda kwenye usaili wa kazi, mahakamani au harusini na hana suti anaweza kuazima kwetu, akirudisha alipie kufuliwa tu. Watu walimiminika. Vijana watatu wamepata kazi kwa koti moja lile lile, na wawili kati yao wako ofisi moja na hawajui.

Akaja karani wa mahakama, mteja wetu wa siku nyingi, anatafuta suti ya kwenda nayo harusini. Alijaribu tatu zikamkataa. Ya nne, ya kijivu yenye mistari myembamba, ilimkaa kama aliyepimwa. Alijitazama kwenye kioo, akageuka, akasema mafundi wa zamani walikuwa mafundi, si hawa wa leo. Akaiazima. Akairudisha. Akaiazima tena mara mbili.

Unajua, au labda hujui, kwamba sisi hatuandiki majina kwenye nguo. Kila mteja ana alama yake ya nyuzi, tunashona mishono miwili mitatu ndani ya ukosi, na alama hiyo iko kwenye daftari. Ya karani ni bluu mbili na njano moja. Mara zote tatu suti ile ilipita mikononi mwetu, na mara zote tatu tuliiona bluu mbili na njano moja, na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu mkono wa dobi ukiona alama unakunja, hauulizi. Ni Nyoosha aliyefungua daftari baada ya mara ya tatu, akaona aliyeazima na aliyesahau ni mtu mmoja. Karani alikuwa amekuja kwetu mara tatu kuazima suti yake mwenyewe.

Ungedhani yameishia hapo. Kumbe miaka sita iliyopita karani alipoikosa suti hiyo alimshuku shemeji yake, na tangu wakati huo walikuwa hawasemeshani. Ilibidi aende akaombe radhi. Ugomvi mzuri wa miaka sita, uliokuwa umeigawa familia nzima pande mbili zinazolingana, ukafa hivi hivi. Sasa wanakuja wote wawili, wanakaa kwenye benchi langu, wanacheka. Nilimwambia karani achukue suti yake. Akakataa. Anasema nyumbani itakaa kabatini bila kazi, hapa inasaidia watu, naye akiihitaji ataendelea kuiazima.

7. Sura yangu imeondolewa sokoni.

Mifuko yetu ya nailoni ya kufunikia nguo ilikuwa na picha yangu nikiwa na miaka thelathini, nywele zote zipo. Ukipita mtaani ungeniona nimening'inia kwenye kila mlango. Dada aliniambia mifuko ile inaziba mtaro, na kwamba siku moja alinikuta nimekwama chini ya daraja, nimekunjamana, nikitabasamu. Sasa tunashona mifuko ya kitambaa kutokana na shuka zilizochakaa za nyumba ya wageni, wateja wanairudisha, na haina picha ya mtu yeyote. Nililalamika. Akasema atanidarizia uso wangu kwa mkono akipata nafasi. Hajapata nafasi.

8. Sina tena la kusema kwenye mkutano.

Wewe mwenyewe ulikuwepo. Mkutano wa robo mwaka, ajenda ya tatu, kila mwanachama aeleze hali ya biashara. Muuza vitambaa alisimama akalia umeme. Mwenye mashine ya kusaga akalia umeme na barabara. Mama wa saluni akalia umeme, barabara na maji, akapigiwa makofi. Ilipofika zamu yangu nilisimama nikabaki nimesimama. Nilitafuta tatizo moja, hata la kuazima, sikupata. Nikasema, "Sisi hatujambo," nikakaa. Ukumbi mzima ulinitazama kama mtu aliyeleta pilipili kwenye chai. Kwenye mapumziko hakuna aliyekaa karibu nami. Muuza vitambaa, rafiki yangu wa ujana, alinong'ona kwamba nimejiunga na wakubwa.

9. Afisa wa manispaa.

Yule aliyeleta notisi sasa analeta wageni. Wanapiga picha mapipa. Mimi wananiomba nisogee kidogo pembeni.

10. Na sasa mnamtaka yeye.

Hapa ndipo penye kidonda, Ndugu Katibu, na nitasema wazi. Utaona kwamba kuanzia namba moja hadi tisa nimemlaumu dada yangu kwa kuondoa matatizo, na hapa nawalaumu nyinyi kwa kutaka kumwondoa yeye. Mtu wa haraka atasema mambo hayo mawili yanapingana. Hayapingani. Akiondoka, matatizo yatarudi yote kwa pamoja, kwa kuwa hayajaenda mbali. Nami nitatakiwa niyageuze kuwa fursa mwenyewe, na kipaji hicho sikujaliwa. Nitayageuza kuwa matatizo makubwa zaidi. Mtalazimika kunitumia mkufunzi. Mkufunzi ni dada yangu. Atakuwa mji wa mbali, mtampakia kwenye gari, mtamleta hapa, atafikia kwangu kwa kuwa ni kwake, atanywa chai kwenye kikombe chake kile cha bati, na asubuhi ataanza upya na pipa la kwanza. Kama mwisho wa safari yenyewe ni dukani kwangu, kwa nini mchome mafuta?

Tena mnasema mwaka mmoja. Mimi naujua mwaka mmoja. Ule mwaka kabla ya semina nilikuwa nafungua duka saa nne na kulifunga saa saba. Nguo za watu zilikaa kwenye beseni mpaka zikanuka. Notisi ya manispaa ilipokuja, nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu, nilifarijika, kwa sababu ilinipunguzia kazi ya kuamua. Nilikuwa nimeshaliandika tangazo la kufunga, kwa mkono mzuri kabisa. Dada alilikuta mezani. Aligeuza karatasi, na upande wa pili akaandika orodha ya vitu vya kununua: changarawe, mkaa, rangi nyekundu. Akanituma dukani kama alivyokuwa akinituma nikiwa na miaka minane, nami nikaenda.

Kwa hayo yote, naomba chama kitekeleze yafuatayo:

(a) Nirudishiwe changamoto zangu zote arobaini na moja, katika hali zilizokuwamo, isipokuwa ile ya kwanza kwenye orodha ya dada, ambayo bado ninayo.

(b) Iundwe kamati ya kuhifadhi matatizo ya wanachama, ili yasimalizwe ovyo ovyo na watu waliokwenda semina kwa niaba. Nipo tayari kuwa mwenyekiti wake. Kamati isifanye kazi yoyote.

(c) Kila kijitabu cha semina kiandikwe kwenye jalada kwamba yaliyomo si ya kutendwa nyumbani.

(d) Mwenzetu wa kitalu cha miche ashauriwe kurudia uadui, hata mara moja kwa mwezi.

(e) Dada yangu aachwe. Kama ni lazima mchukue mtu, mchukueni Nyoosha. Anaongea vizuri, na mtanisaidia.

Nisalimie mwenyekiti, na mwambie miwani yake aliisahau kwenye mfuko wa koti, tumeifuta. Nisalimie mhazini, mama wa saluni, na muuza vitambaa akikubali kusalimiwa nami. Msalimie pia yule mwezeshaji wa semina, umwambie kwamba mtu mmoja alimsikiliza. Nafikiri atahitaji kukaa chini kwanza. Wa hapa wote wanawasalimu, pamoja na karani na shemeji yake, ambao wako kwenye benchi nikiandika haya na hawana haraka.

Ndimi, mwanachama wenu pekee asiye na tatizo hata moja, na asiyelifurahia jambo hilo,

Dobi wa Mteremkoni.

Tanbihi: Barua hii niliimaliza Jumatano. Leo ni Alhamisi, na kabla sijaifunga amekuja yule dobi wa soko la pili, ambaye kwa miaka mingi nimekuwa nikiwaambia watu kwamba anasuuza kwa mate. Alikuwa na karatasi mkononi. Sikuhitaji kuisoma, naijua rangi yake. Ni notisi ya siku thelathini. Ana wafanyakazi wanane, na wawili ni mtu na mama yake. Alikaa kwenye benchi, hakulalamika hata kidogo, na hapo ndipo nilipojua hali ni mbaya. Aliniuliza jambo moja tu, kama ni kweli dada atapita kufundisha, na kama anaweza kuanzia kwake. Nilimjibu, "Ndiyo, Jumatatu," kabla sijajua nimesema nini.

Kwa hiyo yote yaliyo juu yahesabiwe kuwa hayakuandikwa, isipokuwa habari ya picha yangu. Njooni mumchukue Jumatatu asubuhi. Chai yake ni bila sukari, na msimpe kiti cha nyuma, gari linamchefua. Mzigo wake uko tayari. Aliufunga tangu Jumanne barua yenu ilipofika, akauweka nyuma ya kabati na kuufunika kwa shuka ili nisiuone, na mimi niliuona siku hiyo hiyo. Dada yangu hajawahi kuniomba ruhusa ya jambo lolote tangu nizaliwe. Safari hii alikuwa ananingoja.

Fomu nimeiambatisha, nimetia sahihi kwenye neno "mwajiri" kama mlivyotaka. Nimetafuta mahali pa kuandika tarehe ya kumrudisha, sikupaona. Chini ya sahihi yangu nimechora mstari kwa rula. Jazeni hapo.